Gogo, Mzinga na Chupa ya Mchanga: Somo la Mekanika katika Mchezo wa Kuangusha Pini

Katika kata ya Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, kama ilivyo katika vitongoji vingi vya Morogoro, mtoto hakosi mchezo kwa kukosa duka la michezo. Gololi hugongana vumbini. Katika rede, watoto wawili hurushiana mpira wa matambara, naye aliye katikati huukwepa huku akijaza mchanga katika chupa. Chupa hiyo, mchanga huo na mpira huo vyatosha kuwa vifaa vya somo zima la mekanika. Katika makala haya tutavitumia kutengeneza mchezo wa bolingi, yaani mchezo wa kuviringisha mpira ili kuangusha pini zilizosimamishwa, kisha tutaupima mchezo huo kama wapimavyo wanasayansi.

Kabla ya kuendelea, msomaji na achukue kalamu na kuyajibu maswali matatu yafuatayo. Asibahatishe kimoyomoyo, bali aandike.

Kwanza: chupa tatu za plastiki zilizo sawa zimesimamishwa juu ya ubao. Moja ni tupu, ya pili imetiwa mchanga hadi robo ya kimo chake, na ya tatu imejaa mchanga pomoni. Ubao ukiinuliwa upande mmoja polepole, ni chupa ipi itakayokuwa ya mwisho kuanguka?

Pili: gogo zima na mzinga wa nyuki ulio mtupu, vyenye unene ulio sawa, vimeachwa pamoja viviringike juu ya mteremko. Kipi kitatangulia kufika chini?

Tatu: mipira miwili iliyo mizima ndani, mmoja mzito na mwingine mwepesi, imeachwa pamoja juu ya mteremko huohuo. Je, mzito utatangulia?

Mwanafunzi aweza kuandika kanuni ya nishati mwendo bila kosa lolote, na bado akakosea maswali yote matatu. Hapo ndipo penye shida. Kanuni iliyokaririwa bila kupimwa hukaa katika daftari. Haiingii katika fikira. Aghalabu shule hujitetea kwamba haina maabara. Utetezi huo una ukweli kwa baadhi ya majaribio ya kemia na umeme, lakini kwa mekanika hauna nguvu, kama tutakavyoona.

MCHEZO WENYEWE NA UKALE WAKE

Ushahidi wa kale sana wa mchezo wa namna hii umetoka katika bara letu la Afrika. Mwaka 1895 Flinders Petrie, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alikuwa akichimbua makaburi ya Naqada, katika Misri ya Juu. Katika kaburi moja, alilolitambua kuwa la mtoto, alikuta vijiwe vilivyochongwa mfano wa pini, mipira midogo ya mawe, na vipande vya mawe vilivyoweza kupangwa kuwa kilango. Petrie alivieleza vitu hivyo kuwa ni mchezo wa kuviringisha mpira kupitia kilango ili kuziangusha pini. Umri wa kaburi hilo wakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 5000.

Bolingi ya siku hizi yenye pini kumi ina vipimo maalumu. Kutoka mstari wa mchezaji hadi pini ya mbele ni meta 18.29. Pini zimepangwa katika pembetatu, na kutoka kitovu cha pini moja hadi cha jirani yake ni sm 30.5. Kila pini ina kimo cha sm 38 na tungamo la kiasi cha kg 1.6. Mpira una kipenyo cha kiasi cha sm 21.6, na tungamo lake halizidi kg 7.26. Vipimo hivyo tutavirudia baadaye, maana kila kimoja kina sababu yake.

VIFAA VYETU

Zatakiwa chupa kumi za maji za plastiki, za kiasi cha nusu lita, ubao ulionyooka wenye urefu wa meta 2, rula au utepe wa kupimia, gololi chache, mpira wa udongo wa kichuguu uliofinyangwa vizuri na kukaushwa kivulini, mpira wa matambara, kipande cha mti mkavu kilicho mviringo kama mpini wa jembe, kipande cha mwanzi chenye unene uo huo, na kopo lililotolewa mfuniko na kitako. Kingo za kopo hukata, kwa hiyo zipigwe kwa jiwe zilale kabla wanafunzi hawajalishika.

Chupa zaokotwa bila gharama, na kuziokota ni faida kwa mazingira. Mchanga uchukuliwe uwanjani. Isifaa kuchimba kingo za mto Mzinga wala vijito vinavyoshuka kutoka Uluguru, kwa sababu udongo unaobomoka huchukuliwa na maji hadi bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro hulitegemea sana kwa maji.

JARIBIO LA KWANZA: CHUPA TATU

Lainisha mchanga kwa maji kidogo kisha ushindilie katika chupa ya pili na ya tatu. Sababu ya kuulowanisha ni kwamba mchanga mkavu huanza kuporomoka wenyewe uinamishwapo kiasi cha nyuzi 30 na kitu, na hapo kitovu cha uzito huhama wakati wa kupima. Gundisha kijiti chembamba juu ya ubao ili kizuie kitako cha chupa kisiteleze. Simamisha chupa moja baada ya nyingine nyuma ya kijiti hicho, inua ubao polepole, na upime pembe ambayo chupa huangukia.

Sasa tupige hesabu. Tuichukue chupa kana kwamba ni silinda yenye kipenyo cha sm 6 na kimo cha sm 20, na plastiki yake ina tungamo la g 20. Kitovu cha uzito cha chupa tupu kiko katikati, yaani sm 10 kutoka chini. Chupa huanguka pale mstari wa wima unaopita katika kitovu hicho utokapo nje ya kitako. Kwa kuwa nusukipenyo cha kitako ni sm 3, tanjenti ya pembe hiyo ni 3 ÷ 10, nayo pembe ni kiasi cha nyuzi 17.

Chupa ya pili ina mchanga wa kina cha sm 5. Ikiwa kila sentimeta ya ujazo ya mchanga ina g 1.6, mchanga wote ni g 226, na kitovu chake kiko sm 2.5 kutoka chini. Kitovu cha chupa na mchanga kwa pamoja ni:

(20 × 10 + 226 × 2.5) ÷ 246 = sm 3.1

Tanjenti ya pembe sasa ni 3 ÷ 3.1, na pembe ni kiasi cha nyuzi 44.

Chupa ya tatu imejaa. Mchanga wake ni g 905, lakini kitovu cha uzito kimerudi palepale, sm 10 kutoka chini. Kwa hiyo chupa iliyojaa huanguka katika pembe ya nyuzi 17, sawasawa na chupa tupu!

Hili ndilo jibu la swali la kwanza, na yafaa mwanafunzi alifikirie vizuri. Chupa iliyojaa ni nzito zaidi ya mara 40 kuliko iliyo tupu, lakini uzito huo haukuisaidia kitu juu ya ubao. Dereva wa lori lililorundikwa mizigo hadi juu alijua hili kabla ya kufundishwa: katika kona, lori husaidiwa na mzigo ulio chini na huponzwa na mzigo ulio juu.

Hata hivyo, kusimama imara kuna maana mbili. Tukiuliza ni nishati kiasi gani itakiwayo ili kuiangusha chupa ikiwa juu ya sakafu iliyo sawa, jibu hubadilika. Ili chupa ianguke, lazima kitovu chake kiinuliwe mpaka kiwe wima juu ya ukingo wa kitako. Kwa chupa tupu na kwa chupa iliyojaa, kitovu huinuliwa sm 0.44. Kwa chupa ya robo huinuliwa sm 1.21. Tukizidisha kimo hicho kwa uzito wa kila chupa, tunapata: chupa tupu, kiasi cha Jouli 0.0009, chupa ya robo, Jouli 0.029, chupa iliyojaa, Jouli 0.040. Mchanga wa robo ya chupa umeongeza nishati inayotakiwa zaidi ya mara 30. Robo tatu zilizobaki zimeiongeza chini ya mara moja na nusu.

Pini halisi ya bolingi imetengenezwa ianguke kwa urahisi. Kitako chake ni chembamba na kitovu chake kiko juu, kwa hiyo huanguka inapoinamishwa kiasi cha nyuzi 10 tu. Mtengenezaji wa mchezo hataki pini isiyoanguka kamwe, wala inayoanguka kwa upepo. Nawe utachagua kina cha mchanga wako kwa kufikiri hivyohivyo.

JARIBIO LA PILI: GOGO NA MZINGA

Inua ncha moja ya ubao sm 20. Weka kipande cha mti, kipande cha mwanzi, kopo lisilo na kitako wala mfuniko, na gololi juu ya ubao, nyuma ya rula. Ondoa rula kwa ghafula. Kama ubao ni mwembamba, shindanisha viwili viwili.

Hapana haja ya saa ya kupimia. Gololi ifikapo mwisho wa meta 2, mti uko kiasi cha sm 13 nyuma yake, na kopo liko kiasi cha sm 60 nyuma. Mwanzi uko kati ya mti na kopo, kulingana na unene wa ganda lake. Tofauti hii yaonekana kwa macho hata na mwanafunzi aliyekaa nyuma ya darasa.

Sababu ni hii. Kitu kinachoviringika hufanya kazi mbili: huenda mbele, na huzunguka. Nishati tuli kiliyokuwa nayo juu ya mteremko hugawanywa kati ya kazi hizo. Kwa mpira ulio mzima ndani, katika mafungu 7 ya nishati, 5 huenda katika mwendo wa mbele na 2 katika mzunguko. Kwa silinda nzima kama gogo, katika mafungu 3, mawili huenda mbele na moja katika mzunguko. Kwa silinda tupu yenye ganda jembamba, nishati hugawanywa nusu kwa nusu. Kadiri maada ya kitu inavyokaa mbali na mhimili wake, ndivyo mzunguko unavyodai fungu kubwa zaidi. Mzinga wa nyuki ni gogo lililotolewa moyo wake. Maada yote iliyobaki iko mbali na mhimili. Kwa hiyo gogo hutangulia na mzinga huchelewa.

Tukitumia g = 9.8 kwa kimo cha sm 20, mpira mzima hufika chini kwa kasi ya meta 1.67 kwa sekunde, gogo 1.62, na silinda tupu 1.40. Katika hesabu hizo tungamo halikuonekana wala nusukipenyo. Hilo ni jibu la swali la tatu: mpira mzito na mpira mwepesi, maadamu yote ni mizima na ya maada moja, hufika pamoja. Jaribu kwa gololi kubwa na gololi ndogo.

Galileo Galilei wa Italia aliutumia mteremko wa namna hii na kuyachapisha majaribio yake mwaka 1638. Hakuwa na saa ya sekunde. Alipima muda kwa kupima maji yaliyochuruzika katika chombo. Mwaka 2014 televisheni ya BBC ilionyesha mpira wa bolingi na manyoya yakiangushwa pamoja ndani ya chumba kikubwa kilichoondolewa hewa, huko Ohio, Marekani. Viligusa chini kwa wakati mmoja. Wahandisi waliokuwapo walilijua jibu kabla, lakini walishangilia kuliona.

JARIBIO LA TATU: MPIRA UNAPOGONGA

Panga chupa kumi katika pembetatu na uviringishe mpira wa udongo wa g 200 kutoka juu ya ubao. Nishati yake tuli ilikuwa Jouli 0.39. Ifikapo chini, Jouli 0.28 ziko katika mwendo wa mbele na 0.11 katika mzunguko. Kwa kuwa chupa iliyojaa yadai Jouli 0.040 tu, mwanafunzi atadhani mpira utaangusha chupa kadhaa bila taabu. Lakini ataona kwamba mara nyingi chupa ya robo husukumwa nyuma ikiwa imesimama.

Hapa tuangalie mahali pa kugonga. Mpira huigusa chupa yenye ubavu wa wima katika kimo kilicho sawa na nusukipenyo cha mpira. Mpira wetu wa udongo una nusukipenyo cha sm 3, na kitovu cha uzito cha chupa ya robo kiko sm 3.1. Kani inayopita karibu na kitovu husukuma; haipindui. Chukua sasa mpira wa matambara wenye nusukipenyo cha sm 7. Ingawa waweza kuwa mwepesi zaidi, huigonga chupa juu ya kitovu chake na kuipindua.

Tukirudi katika bolingi halisi, tunaona kwamba pini ina tumbo pana kwenye kimo cha kiasi cha sm 11.4, na nusukipenyo cha mpira ni sm 10.8. Vimepangwa vikutane tumboni. Tena mpira mzito kabisa una tungamo zaidi ya mara 4 ya pini, na ndiyo maana haurudishwi nyuma, bali huendelea ndani ya kundi la pini.

MICHEZO YA NAMNA NYINGINE

Badilisha kipimo kimoja na mchezo wote hubadilika. Mwaka 1880, katika mji wa Worcester, Massachusetts, ulianzishwa mchezo wa pini nyembamba kama mishumaa, zenye kimo cha sm 40. Mpira wake hauna matundu ya vidole, una kipenyo cha sm 11.4, na tungamo lake ni kiasi cha kg 1.1, halizidi la pini. Mpira kama huo hugeuzwa njia kwa urahisi na pini uzigongazo. Katika bolingi ya pini kumi, alama kamili za 300 zimepatikana mara nyingi. Katika mchezo huu wa mishumaa, alama za juu zilizosajiliwa ni 245. Huko Toronto, Kanada, mnamo 1909, Thomas Ryan aliwaonea huruma wateja waliochoshwa na mpira mzito, akatunga mchezo wa pini tano na mpira mdogo.

Katika bolingi ya majanini, inayochezwa na baadhi ya klabu za Kenya, mpira si duara kamili. Umbo lake huufanya upinde njia, na hupinda zaidi kadiri kasi inavyopungua. Katika petanki ya Kifaransa, mipira ya chuma hurushwa au kuviringishwa karibu na kijipira cha mti. Madagaska, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, ilitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka 1999, na tena 2016 ilipokuwa mwenyeji jijini Antananarivo.

KWA MWALIMU

Jambo moja tu lazingatiwe: kila kundi liandike ubashiri wake, pamoja na sababu, kabla ya kugusa kifaa. Mwanafunzi ambaye hakubashiri huona chupa ikianguka, basi. Aliyebashiri na akakosea huanza kuuliza kwa nini, na swali hilo ndilo mwanzo wa fizikia. Mwalimu asione haya matokeo yakitofautiana kidogo na hesabu. Chupa si silinda kamili, ubao una mabonde, na mpira wa udongo haukosi kasoro. Darasa likiweza kueleza tofauti hiyo inatoka wapi, limefanya kazi ya maabara kwa ukamilifu wake.

MASWALI

1. Rudia jaribio la kwanza kwa kutumia maji badala ya mchanga. Kwa nini pembe ya kuanguka hailingani na hesabu ya silinda ngumu?

2. Ni kina gani cha mchanga kinachokishusha kitovu cha uzito chini kuliko vyote? (Dokezo: kina hicho ni pale uso wa mchanga unapolingana na kitovu chenyewe. Jibu ni karibu sm 2.6. Thibitisha.)

3. Mpira wa bolingi una kipenyo cha sm 21.6. Tafuta mjao wake, kisha ueleze ni mipira ya tungamo gani itakayoelea majini na ipi itakayozama. (Jibu: mjao ni kiasi cha lita 5.28, ulio chini ya kg 5.28 huelea.)

4. Chupa mbili zimefungwa vizuri. Moja imejaa maji, nyingine imejaa mchanga ulioshindiliwa. Zikiviringishwa pamoja juu ya ubao, ipi itatangulia? Andika ubashiri wako na sababu yake, kisha ujaribu.